Kipande kidogo kina majina mangapi? Jibu kwa fundi wa Lamu

"Mwalimu, assalaam alaikum. Mimi ni fundi wa kuchonga mbao hapa Lamu, na kwa kuwa katika karakana yetu ni mimi niliyeendelea na masomo kuwashinda wenzangu, mwenye duka ameniachia kazi ya kuandika vikaratasi vya Kiingereza vinavyobandikwa kwenye bidhaa. Mwezi uliopita mama mmoja mgeni alilitazama kasha nililolihangaikia wiki sita, akasema, 'What a lovely piece!' Nilimshukuru, lakini moyoni niliona kama amelipunguza, maana kasha zima limekuwaje kipande? Siku hiyohiyo nilimwonya asipitishe mkono kwenye mbao ambazo hazijapigwa msasa. Nikamwambia 'small pieces of wood' zitamwingia chandani, naye akacheka kwa wema akanifundisha neno 'splinters'. Nilipofungua kamusi nilikuta 'bit', 'chip', 'scrap', 'shard', 'sliver', 'shred', 'crumb', 'flake' na mengine, na karibu yote yamefasiriwa 'kipande kidogo'. Je, kuna kanuni ya kuyatenganisha, au ni kukariri tu? Na vikaratasi vyangu vinne, ambavyo vyote nimeandika 'small pieces', nivisahihisheje?"

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na lile kasha, kwa sababu naona ndilo lililokuchoma zaidi. Yule mama hakulipunguza. Alilisifu kwa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kazi ya sanaa iliyokamilika. Mchongo ni "piece", muziki uliotungwa ni "piece", makala ya gazetini ni "piece", hata kete ya sataranji ni "piece", na katika matumizi hayo yote hakuna kitu kilichovunjika. "Piece" hapa ni kimoja kati ya vingi vya aina yake, kizima kwa nafsi yake na chenye kuhesabika. Kiswahili nacho hakikukosa fikra hiyo: doti ya kanga ina vipande viwili bila ya kuwa imechanwa, na wazee wetu wa enzi za ukoloni walikiita kitambulisho "kipande", kama wengi wanavyokiita mpaka leo, wala hawakumaanisha kuwa kimemeguka kutoka kwenye kitambulisho kikubwa zaidi. Basi ukiambiwa tena "a lovely piece", itikia kwa furaha. Jihadhari tu na jirani yake: mtu akiitwa "a nasty piece of work" hajasifiwa hata kidogo, ameitwa mkorofi na mwenye roho mbaya.

Sasa kanuni. Ipo, ingawa kamusi ndogo haziitaji, na kosa la wanafunzi wengi, nikiwamo mimi nilipokuwa mwanafunzi, ni kudhani kuwa maneno haya yamepangwa kwa udogo, kwamba "piece" ni kubwa, "bit" ni dogo, "crumb" ni dogo zaidi, na kadhalika mpaka vumbi. Ukubwa umo, lakini si wa kwanza. Mwenyeji wa Kiingereza anapochagua neno, kinachomwongoza hasa ni namna kile kitu kilivyoachana na asili yake: kimeng'atwa au kimekatwa, kimevunjika au kimechanika, kimekwanguliwa, kimebanduka, kimesagika. Wewe unaijua kanuni hii kwa mikono kabla hujaijua kwa Kiingereza, kwa sababu karakana yako inaifuata kila siku. Randa hutoa maranda, msumeno hutoa unga wa mbao, patasi hutoa vibanzi, na ncha ya ubao iliyokatwa na kuwekwa kando ni kipisi. Ukimtuma mwanafunzi wako akuletee maranda ya kuwashia jiko, naye akakuletea vipisi, hutamwambia kuwa amekuletea vipande vikubwa mno. Utamwambia amekuletea kitu kingine.

Kwa hiyo unapoona neno jipya la namna hii, usiulize kwanza "ni dogo kiasi gani?" Uliza "limetokana na tendo gani?" Mara nyingi jibu limefichwa ndani ya neno lenyewe.

"Bit" ni mfano mzuri wa kuanzia, maana limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye udugu na "bite", yaani kung'ata. "Bit" asili yake ni kile kilichong'atwa, kama Mswahili anavyosema "kimego" kwa kile kilichomegwa. Kutoka hapo hapo ikaja "bit" nyingine unayoiona kila siku bila kuitambua, ile chuma ya lijamu inayokaa kinywani mwa farasi, ambako mnyama huiuma, na pia "bit" ya keekee yako, ile ncha inayouma mbao. Lakini "bit" ya kompyuta haimo katika ukoo huu: hiyo ni mkato wa maneno mawili, "binary digit", yenye maana ya tarakimu ya mfumo wa sifuri na moja, na ilionekana katika makala mashuhuri ya Claude Shannon ya mwaka 1948, ambaye alieleza kuwa aliyeipendekeza ni John Tukey. Wahandisi walipohitaji jina la fungu la "bit" kadhaa, walilichukua "bite" na kulibadilisha tahajia makusudi kuwa "byte", ili mtu asije akalichanganya na "bit". Ukoo ulioachana kwa asili ukarudishwa pamoja kwa mzaha.

Leo "bit" limechakaa kwa matumizi kiasi kwamba limepoteza alama ya meno, na kazi yake kubwa ni kutaja kiasi, si kitu. Ndiyo sababu unaweza kusema "a bit tired", yaani umechoka kidogo, lakini huwezi kamwe kusema "a piece tired". Hapo ndipo mpaka wa maneno haya mawili ulipo: "piece" huhesabu, "bit" hukadiria. "Two pieces of wood" ni mbao mbili ninazoweza kukuonyesha. "A bit of wood" ni mti kidogo, wowote, usio na umbo ninalolijali. Waingereza wa Uingereza, zaidi ya Wamarekani, hulitumia pia kupunguza makali ya jambo, na mgeni wa lugha huingia mtegoni. Niliwahi kumfasiria mtalii hapa Malindi aliyemwambia nahodha wa mashua kwa sauti ya upole, "We have a bit of a problem." Nahodha alielewa kuwa kuna tatizo dogo, akaendelea kunywa kahawa yake. Tatizo lenyewe lilikuwa kwamba ndege ya yule bwana ilikuwa imebakiza saa moja kuondoka, na sisi tulikuwa bado upande wa pili wa ghuba. "A bit of a problem" kinywani mwa Mwingereza huweza kuwa balaa kamili.

Kabla sijaingia karakanani, kuna jambo la sarufi ambalo huwapotezea watu wetu alama katika mitihani na heshima katika barua. Sisi tunasema mashauri mawili, habari tatu, mikate minne, na sarufi yetu haina kinyongo. Kiingereza kimeamua kwamba ushauri, habari, taarifa, samani, mizigo ya safari, mkate na sabuni havihesabiki, kama maji yasivyohesabika, kwa hiyo hakuna "an advice" wala "furnitures" wala "informations", hata kama umeyaona yameandikwa kwenye mabango. Ukitaka kuhesabu ni lazima ukodishe neno la kipande: "a piece of advice", "two pieces of furniture", "three pieces of luggage". Kwa vitu kadhaa neno la kukodi limekwisha kuwekwa na mazoea, na hapo ni kukariri kweli: mkate mzima ni "a loaf", ubale wake ni "a slice", sabuni ni "a bar", karatasi ni "a sheet", kitunguu saumu kimoja kilichobanduliwa ni "a clove", wali na mchanga ni "a grain". Duka lako linauza samani, basi andika "carved furniture", na anayetaka kununua viti viwili na meza atakuwa amenunua "three pieces of furniture".

Sasa tuingie kwenye mbao, ambako swali lako ni tajiri kuliko unavyodhani.

"Splinter" ni kibanzi kirefu chenye ncha kilichotokea mti ulipopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Neno lina udugu na "split", kupasua, na ndani yake mna urefu, ukali na nia mbaya. Ndiyo sababu ndilo linaloingia chandani. Huko Scotland kibanzi cha kidoleni huitwa "skelf", na kaskazini mashariki mwa Uingereza "spelk", kwa hiyo usishangae mgeni wa huko akitumia neno ambalo kamusi yako haina. Kundi la wanasiasa linalojitoa kwenye chama kwa hasira huitwa "splinter group", na picha ni ileile: limepasuka, halikukatwa kwa utaratibu, na litamchoma mtu.

Hapa nikuletee kumbukumbu ndogo kutoka kwa majirani zetu Wakristo. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, mtu anaonywa asikitazame kibanzi kilicho ndani ya jicho la nduguye ilhali la kwake lina boriti. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia neno "mote", ambalo leo katika mazungumzo ya kawaida limebaki kwa vumbi linaloelea kwenye mwali wa jua tu, na baadhi ya tafsiri za karibuni zimeandika "speck of sawdust", chembe ya unga wa msumeno. Mimi nawapa ushindi wafasiri wa Kiswahili, kwa sababu kibanzi na boriti ni vya mti mmoja na ukubwa wao unapingana waziwazi, tena kwa mtu wa Lamu, ambaye babu zake walipakia boriti za mikoko kwenye majahazi kwenda Uarabuni, picha haihitaji maelezo.

"Sliver" ni nyembamba kama "splinter", lakini haina lazima ya kuchoma, na mara nyingi husifu wembamba. Mwezi mwandamo ni "a sliver of moon", keki iliyokatwa na mtu anayejizuia ni "a sliver of cake", na sabuni iliyokwisha ikabaki kama ubale ni "a sliver of soap". Baadhi ya Wamarekani hulitumia pia kwa kibanzi cha kidoleni. "Slice" nalo lilianza safari mahali hapo hapo: katika Kifaransa cha kale, neno lililolizaa lilimaanisha kibanzi au kipande kilichovunjika. Leo lina maana ya ubale mpana uliokatwa kwa kisu, laini pande zote mbili. Nimelitaja ili usije ukaifanya kanuni yangu kuwa sheria ya chuma, maana neno laweza kuhama kutoka tendo moja hadi lingine, kama lilivyohama hili kutoka kupasuka hadi kukatwa.

"Chip" ndilo neno la patasi. Ni kipande kifupi kilichorushwa na pigo, na Waingereza humwita mtoto aliyemfanana babaye "a chip off the old block", kibanzi kilichotoka kwenye gogo lilelile. Watu hupenda kulifasiri kwa "mtoto wa nyoka ni nyoka", lakini sioni kama ni sawasawa: methali yetu ina sumu ndani yake, na ile ya Kiingereza mara nyingi ni sifa, na hutamkwa huku baba akitabasamu. Ukisikia mtu ana "a chip on his shoulder", hiyo ni habari nyingine. Katika karne ya 19 vijana wa Marekani waliotaka ugomvi walikuwa wakiweka kibanzi begani na kumthubutisha mwenzao akiangushe. Ndiyo maana leo msemo huu humhusu mtu anayetembea na kinyongo akingoja kuguswa.

Tena "chip" lina tabia ambayo sijaiona katika maneno mengine ya ukoo huu: hutaja kipande kilichotoka na pia pengo kilichoacha. Kikombe kilichomeguka ukingoni "has a chip", na hapo huzungumzii kipande, ambacho huenda kilitupwa mwaka jana, bali kasoro iliyobaki. Mwenye duka la vitu vya kale anapaswa kulijua hili vizuri, kwa sababu mnunuzi anayesoma "chip" atapitisha kidole ukingoni kutafuta pengo.

Na viazi? Waingereza walipokata viazi vijiti vijiti na kuvikaanga waliviita "chips", ndipo sisi tukapata chipsi. Wamarekani huita hivyo "fries", na "chips" kwao ni vile viazi vyembamba vikavu vya kwenye pakiti, ambavyo Mwingereza huviita "crisps". Mgeni wa Marekani akiagiza "chips" hotelini Lamu akaletewa sahani ya chipsi, mpishi hana kosa. Wenzetu waandishi wa Kenya walioamua kuita chipsi "vibanzi" wamepita njia ileile ya Kiingereza, kutoka kwenye gogo hadi kwenye karai, na sidhani kama walikuwa wanaiga. Mkono unaochana mti na unaochana kiazi unafanya kazi moja.

Maranda yako ni "shavings", kutoka "shave", kunyoa. Zingatia ile "-ings" ya mwishoni, kwa maana ina familia kubwa: vumbi la chuma linalotokana na tupa ni "filings", maganda yaliyomenywa ni "peelings", kucha na nywele zilizokatwa ni "clippings", kilichokwanguliwa ni "scrapings", kilichofagiwa ni "sweepings". Haya huandikwa kwa wingi karibu kila mara, na yote ni mabaki ya tendo, kile kilichobaki chini mtu alipokuwa akitafuta kitu kingine. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa ngeli ya ma-: makombo hutokana na kukomba, masazo na kusaza, mabaki na kubaki, na pembeni yake wapo maranda, machicha na makapi. Mwanafunzi akiona ulinganifu huu hahitaji kukariri. Kila aonapo "-ings" ya namna hii, atafute tendo, kisha atazame chini ya meza.

Vipisi ni "offcuts", vilivyokatwa vikabaki, bado vizuri na bado vina bei. Unga wa msumeno ni "sawdust", nao hauhesabiki. Na kwa kuwa uko kwenye mbao, nikuonye kuhusu "grain". Kwa muuza mchele ni punje, na chembe za chumvi na mchanga ni "grains" pia. Hata kuna kipimo cha uzani kiitwacho "grain", takriban miligramu 65, ambacho chanzo chake ni punje ya nafaka. Lakini mteja wako akisema "I love the grain", hazungumzii punje yoyote. Anasifu mistari ya nyuzi za mti. Kuchonga kwa kufuata nyuzi ni "along the grain", na kuchonga kinyume, ambako kila fundi anajua patasi hukwama na mti hung'oka vibanzi, ni "against the grain". Kutokana na hayo, jambo lolote linalomkera mtu kwa kwenda kinyume na maumbile yake husemwa kuwa "it goes against the grain".

Tuache mbao. Vyombo vya udongo na kioo havipasuki kwa nyuzi, huvunjika, kwa hiyo vina neno lao, "shard", ambalo Kiswahili hulijibu kwa "kigae", na kwa vile vidogo vyenye makali, "kigerenyenza". Kilomita chache kusini ya hapa nilipo yapo magofu ya Gede, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 hadi 1958 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Huko vilipatikana vigae vingi vya vyombo vya udongo vya hapa pwani, na vya vyombo vilivyong'arishwa vya nchi za Kiislamu na vya Uchina. Ukisoma maandishi ya wanaakiolojia utaona wanaandika "sherd", kwa "e". Si kosa la chapa: ni neno lilelile kwa tahajia ya zamani, nao wameihifadhi kwa vigae vya udongo, wakiiachia "shard" kazi ya kioo. Kwa karatasi ya dukani andika "shard" kwa vyote, hakuna atakayekulaumu. Kwa maandishi ya makumbusho, tenganisha.

Kitu kikivunjika kabisa kisiunganike tena, kimekuwa "in pieces", au kwa mkazo, "smashed to smithereens". Neno hili la mwisho limetoka Kiairishi, na ile "-een" ndani yake ni alama ya kudogosha, kama "ki-" yetu katika kijito na kijiti. Halina umoja unaotumika, na hilo nalipenda, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuvunja chombo kikatoa kigerenyenza kimoja.

Nguo na karatasi huchanika. "Shred" ni utepe mwembamba uliochanwa, na mashine ya ofisini ya kuharibu hati imeitwa kwa jina hilo. "Scrap" ni kipande kilichobaki kisicho na thamani kwa mwenyewe, iwe kitambaa cha fundi cherehani, chuma chakavu, ambacho hata sisi tumekipokea kwa jina la skrapu, au chakula cha kumpa paka. Dharau iliyomo ndani ya neno hili iliwahi kuingia katika siasa za dunia: mwaka 1914 Kansela wa Ujerumani, Bethmann Hollweg, aliuita mkataba wa mwaka 1839 uliolinda kutofungamana kwa Ubelgiji kuwa ni "scrap of paper" tu, na kauli hiyo ikatumika dhidi yake kwa muda wote wa vita. Angesema "piece of paper" isingeuma vile.

Kwenye chakula nitapita haraka, maana wewe si mpishi. "Crumb" ni chembe ya kitu kikavu kilichookwa, hasa mkate na keki, na ile "b" ya mwisho haitamkwi. "Flake" ni kibanduko bapa na chepesi, kama mnofu wa samaki aliyeiva au chokaa inayobanduka ukutani wakati wa kusi. "Lump" na "chunk" ni bonge na pande, "drop" ni tone, na "pinch" ni kiasi kinachoshikwa kwa kufinya kwa vidole viwili. Hoteli moja ya pwani, ambayo jina nitaliacha, iliwahi kuniletea orodha ya vyakula nihariri ambamo nguru wa kupaka alikuwa ameitwa "crumbs of kingfish". Nilimweleza meneja kuwa mgeni atafikiri analetewa mabaki ya meza ya jana. Tukaandika "chunks", na samaki akarudi kuwa na hadhi.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua yako ambayo sikuinukuu hapo juu, kwa nini umesikia "not a shred of evidence" ilhali hakuna kitu kilichochanwa. Hapo vipande vimeacha kazi ya vitu na kuwa mkazo wa kukanusha, kama sisi tunaposema hata chembe, hata tone. Kila neno lina rafiki zake: ushahidi huambatana na "shred" na "scrap", akili na "ounce", faraja na "crumb", na ukweli na "grain", ila tofauti ni kwamba "a grain of truth" hukubali kuwa upo ukweli kidogo, wakati "shred" huja zaidi kwenye kukana. "Not one iota" ni ile herufi ndogo ya Kigiriki, na "not a jot" ni herufi hiyohiyo iliyofika kwa njia ya Kilatini. Katika Surat Zilzala, pale tunapoambiwa kuwa atendaye wema uzani wa chembe atauona, wafasiri wengi wa Kiingereza wameandika "an atom's weight". "Atom" kwa Kigiriki ni kisichokatika, jina lililopatana na maana ya aya lakini likaja kupitwa na mambo mwaka 1932, Cockcroft na Walton walipopasua kiini cha atomu katika maabara ya Cambridge.

Sasa vikaratasi vyako. Kile cha onyo kando ya mbao mbichi kiandike "Please mind the splinters". Cha visanduku vidogo mnavyovitengeneza kwa mabaki ya mkangazi kisiseme "small pieces of mahogany", ambayo haimwambii mnunuzi lolote. Kiseme "made from mahogany offcuts", na wageni wengi watafurahi kujua kuwa hakuna mti uliokatwa kwa ajili yao. Cha sahani ya zamani iliyomeguka ukingoni kiandike "small chip on the rim", kwa sababu unachouza ni sahani pamoja na pengo lake. Kilichobaki ni kile cha kiti cha enzi, ulichoandika "with small pieces of bones". Nimekisoma mara mbili, na ushauri wangu ni ulifute neno la kipande kabisa, uufanye mfupa usihesabike, uandike "inlaid with bone".